Waliokuja Kunitazama

Siku waliyokuja kunitazama mgonjwa, nilikuwa mzima wa afya. Nalitanguliza hilo kwa sababu jirani zangu wa kijiji cha Wambaa hawakulikubali siku ile, na sidhani kama wamelikubali mpaka leo.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Natumiwa sauti zilizorekodiwa kwenye mikutano, semina na mahojiano, nazisikiliza kwa hedifoni, na kila kilichosemwa nakiandika neno kwa neno kwenye kompyuta. Watu hudhani ni kazi nyepesi. Nani asiyejua kusikiliza? Lakini watu wa mkutano hawasemi kwa zamu kama watoto wa darasani. Wanakatana maneno, wanakohoa, wanaburura viti, na mwandishi hurudi nyuma tena na tena kulisaka neno moja lililozama chini ya kikohozi. Mazungumzo mafupi tu hula siku nzima. Atakaye kuishi kwa kazi hiyo lazima akae kitini tangu asubuhi mpaka jua linakuchwa.

Niliianza Dar es Salaam, nikaja nayo kwetu Pemba mama alipoanza kuugua. Nilimuuguza mpaka akafariki. Matanga yalipokwisha, dada yangu, ambaye ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, alifunga mizigo yake kurudi Dar, akataka nami nifunge nyumba nimfuate. Nikakataa. Aliniuliza nabaki kufanya nini. Nilitaka tu kubaki. Nilitaka kuwa mtu wa pale kama mama alivyokuwa mtu wa pale, na sikuona aibu kulitaka jambo hilo ingawa sikuweza kulieleza.

"Utakaa peke yako mpaka uote ukungu," aliniambia. "Utaugua, na hapana atakayejua."

"Siugui," nikasema.

Tukakubaliana hivyo, nusu kwa ugomvi. Nikiwa mzima, nibaki. Nikiugua, nifunge nyumba nirudi. Ndiyo maana afya yangu haikuwa afya tu. Ilikuwa ndiyo ruhusa yangu ya kuishi kwetu.

Basi nikajitunza kwa ukali ambao mama angeucheka. Nilisoma kila ushauri uliomo kwenye simu kuhusu watu wanaofanya kazi kwa kukaa, nikaufuata wote. Nilitega kengele ya simu ilie kila baada ya muda. Ikilia, nainuka. Nakunywa bilauri ya maji kutoka kwenye jagi lililokaa dirishani. Nasimama pale pale kuyapumzisha macho kwa kutazama kitu cha mbali, na kitu cha mbali kilichokuwepo ni mnazi wa jirani. Kisha natembea. Baada ya adhuhuri naliweka kasha la mama juu ya meza, kompyuta juu ya kasha, nafanya kazi nimesimama. Wali niliupunguza, nikala samaki, mchicha na shelisheli la kuchoma. Sukari niliipiga marufuku ndani ya nyumba.

Kutembea nako kulikuwa na matatizo yake. Kwetu huwezi kutoka nje ukanyoosha miguu ukarudi. Ukikutana na mtu mtaamkiana, na kuamkiana si neno moja. Utaulizwa hali yako, hali ya nyumbani, hali ya kazi, hali ya dada yako wa Dar na watoto wake mmoja mmoja, kisha inakuwa zamu yako kuuliza. Mapumziko yangu yote yangeishia kwa mtu wa kwanza. Kwa hiyo nilitembea ndani, kutoka mlango wa mbele hadi uani, nikageuka nikarudi, mlango umefungwa. Sala nilisali nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Ijumaa nilikwenda Chake Chake kununua bando na mahitaji, nikasali huko huko, katikati ya watu wasionijua.

Na ilinifaa, msidhani haikunifaa. Mgongo uliacha kuuma. Macho hayakuniwasha tena. Nilipungua mpaka suruali zikataka mkanda. Kazi nilizopeleka zilirudi na shukrani, na nilipomwandikia dada, maana tulikuwa tukiandikiana tu, nilimwambia niko kama kijana. Hakujibu kwa maneno. Alinitumia kile kijipicha cha uso unaopandisha nyusi.

Ninachokikumbuka zaidi cha wakati ule ni watu niliokuwa nao masikioni. Kulikuwa na mwenyekiti wa vikao fulani ambaye kila akitaka kufunga mjadala alisema "kwa hiyo basi, ndugu zangu," kisha akaendelea kama aliyeanza upya. Kulikuwa na mama mmoja mwenye kicheko kinachotangulia kichekesho. Walipocheka, nilicheka. Msemaji akianza kwa salamu nilimwitikia, mwanzoni kwa sauti, baadaye moyoni tu, maana ni kazi bure kumwitikia mtu aliyewasalimu watu wengine, mahali pengine, mwezi uliopita. Nilijua nani ana mafua na nani kamnunia nani. Hapana hata mmoja aliyejua kuwa mimi nipo. Nilikuwa mpweke, na nilichelewa kulijua hilo kwa sababu masikio yangu hayakuwa matupu hata siku moja.

Walikuja alasiri, baada ya sala. Walipiga hodi mlango wa mbele, nami nilikuwa kwenye mkutano wa watu, hedifoni masikioni, sikusikia. Desturi ni kubisha mara tatu, usipoitikiwa uende zako. Lakini mgonjwa hafanyiwi hivyo, huenda hawezi kuinuka. Basi jirani yangu, yule mwanamke mwenye mnazi, alizungukia uani, akapita jikoni, akaja kunishika bega.

Niliruka nikapiga ukelele. Tuseme nilitaka kupiga ukelele. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama bawaba ya mlango wa zamani. Nilikuwa sijasema na mtu tangu nilipokwenda Chake, na hata huko dukani nilinyoosha kidole tu.

"Subhanallah!" akasema jirani, kisha akawaita waliokuwa nje. "Njooni! Sauti yote imenkauka, ntoto wa watu!"

Wakaingia. Wanaume walijaa sebuleni, wanawake wakabaki uani na vyombo vilivyofunikwa kwa kawa. Imamu wa msikiti wetu, mtu mpole asiye na haraka, alikaa kwenye kiti changu. Mimi nilisimama kando ya kasha la mama, na ndani ya hedifoni zilizolala mezani mkutano uliendelea peke yake.

"Hujambo, shehe?" akaniuliza imamu.

"Sijambo."

"Alhamdulillahi. Wapi panakuuma?"

"Hapaniumi popote. Mimi mzima, wallahi."

Walitazamana kwa huruma, na hapo nikaona nimekwama. Kwetu mgonjwa haanzi na ugonjwa wake. Anayetapika huitika sijambo. Aliyevunjika mguu huitika sijambo. Hata yule wa kukata roho, anayengoja kuelekezwa kibla, ukimuuliza hujambo, atakwambia sijambo, alhamdulillahi, na mengine yatafuata baadaye kama yatafuata. Maneno ya kusema mimi si mgonjwa yapo, lakini wagonjwa wameshayatumia yote.

"Yakhe, tusifichane," akasema mwenye duka, ambaye duka lake liko hatua chache kutoka kwangu na ambaye nilikuwa sijamwona kwa muda mrefu. "Siye jirani zako. Msikitini huonekani, dukani huji. Ntu hukaa ndani bure?"

"Nina kazi."

"Kazi gani isotoka nje?"

Nikaanza kumweleza kazi gani isiyotoka nje, lakini kwa mkwaruzo ule haikuwa hoja ya kushinda. Ushahidi mzito alikuwa nao jirani, na aliutoa amesimama mlango wa uani, mkono kiunoni.

"Miye namsikia kila siku. Kengele ya dawa yalia, yanyamaza, yalia tena. Dawa gani hizo zisokwisha? Na maji anywayo! Jagi kwa jagi. Sukari hiyo. Marehemu mume wangu ndivyo alivyoanza. Halafu hutembea humu ndani, enda rudi, enda rudi, hawezi kutulia kwa maumivu. Akichoka husimama dirishani akautazama mnazi wangu, akautazama, n'kasema huyu keshakata tamaa ya dunia."

"Nilikuwa napumzisha macho," nikasema.

"Na kukonda!" wakasema wengine, karibu wote kwa pamoja.

Kila nilichokifanya ili nisiugue kilikuwa kimenishuhudia kuwa naugua. Sikujua nicheke au nigombe, na kabla sijachagua, simu ikalia kengele. Jirani akawageukia wenzake kama hakimu aliyeletewa kidhibiti. Akamimina maji kwenye bilauri, akanipa, akauliza dawa ziko wapi. Nikayanywa maji.

Wakanipeleka kitandani, nami nikaenda. Ungefanyaje? Uji wa pilipili manga ulikuwa umeshapikwa, na ulikuwa na sukari ya kutosha nyumba tatu. Nikaumaliza. Mwenye duka alinisugua shingo na mabega kwa mafuta ya karafuu mpaka macho yakanitiririka. Kisha imamu akaniwekea kiganja kwenye kipaji, akanisomea dua polepole, wengine wakaitikia amina. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chenye joto. Tangu watu walipomaliza kunipa mkono wa rambirambi, hapana mtu aliyekuwa amenigusa kabla ya siku ile. Niligeukia ukutani wasinione. Wakasema mwacheni apumzike, wakatoka kwa kunyata, kwa kuwa mgonjwa hachoshwi.

Nyumba ikanyamaza. Kimya kile ndicho nilichokaa nacho tangu mama afariki, na sikuwahi kukisikia.

Kesho yake nilizungumza na kompyuta asubuhi yote kwa hasira, nikitafuta jinsi ya kuwaeleza watu wale kwamba wamekosea. Alasiri ilipokaribia nilijikuta nafagia sebule. Wakaja tena, si wote, wawili watatu, na shelisheli na supu ya pweza. Siku iliyofuata wakaja wengine. Wakiniuliza hujambo nilisema sijambo, na ilikuwa kweli tupu, na ilibaki pale pale. Waliniambia habari za mwaka mzima: nani kaoa, nani kahamia Makoongwe kwa mkewe, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani na kesi ikaishaje. Nilicheka na watu wanaoniona. Sauti ikarudi kidogo kidogo. Mwenye duka alisema ni mafuta yake ya karafuu, jirani akasema ni uji wake, na kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa kutomwamini.

Kazi zilichelewa. Nilizifanya asubuhi kwa haraka, na ikifika saa ya alasiri nilivua hedifoni hata kama msemaji yuko katikati ya sentensi. Sikujali. Nilikuwa naingoja hodi.

Kisha dada akanipigia. Hakuandika, alipiga.

"Nimeambiwa unaumwa sana," alisema. Jirani alikuwa na namba yake tangu siku za mama, na namba zipo zipigwe. "Sukari, mgongo, na kichwa hakiko sawa, unatazama minazi."

"Sijambo, dada."

"Usiniambie sijambo! Naulizia boti. Nakuja kukuchukua."

Nilimwapia, nikamweleza kisa chote tangu kengele mpaka jagi. Hakuniamini hata kidogo. Alisema anataka kulisikia neno la kupona kwa yule yule aliyemwambia neno la kuugua, vinginevyo anakuja na nyumba inafungwa. Alikuwa na haki, ndivyo tulivyokubaliana.

Nikakaa na simu mkononi. Nilikuwa nataka mambo mawili yasiyopikika chungu kimoja. Kwa dada nilitakiwa kuwa mzima ili nibaki Wambaa. Kwa watu wa Wambaa, nikiwa mzima, hapana wa kuja kunitazama, na kubaki kwangu kungekuwa kubaki na mlango usiobishwa hodi. Nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma kweli. Mwishowe nikachagua kubaki, maana aliyeondoka hata hodi ya kukosea mlango haipati.

Neno halikufaa kitu, kwa hiyo nilitumia mwili. Siku ile jirani alikuwa ameletewa gunia la nazi, limeshushwa barabarani, anatafuta wa kumbebea. Nilitoka nje, nikajitwisha, nikatembea nalo njia nzima hadi jikoni kwake, yeye nyuma yangu akilia utaanguka, utaanguka. Sikuanguka. Nililitua, nikasimama wima mbele yake bila kuhema, ingawa nilikuwa na haja kubwa ya kuhema. Shukrani kwa kasha la mama na kwa kutembea kote kule kwa ndani.

Alinizunguka akanitazama kama ng'ombe wa mnadani.

"Kapona!" akasema. Kisha akatoka nje akawatangazia waliokuwepo na wasiokuwepo. "Jamani, kapona!"

Dada alipigiwa simu siku ile ile. Jioni akaniandikia maneno mawili: basi kaa. Imamu, nilivyosimuliwa, alishukuru msikitini kwa niaba yangu. Nilikuwa nimeshinda kila nilichokuwa nikishindania.

Alasiri ya siku ya pili nilifagia sebule, nikatandika mkeka, nikachemsha kahawa ya kutosha watu. Hapana aliyekuja. Ndivyo inavyotakiwa, mtu mzima hatazamwi. Nilikunywa kikombe changu, kahawa nyingine ikapoa. Kengele ikalia nikanywa maji. Siku iliyofuata sikutandika mkeka lakini nilikaa karibu na mlango, hedifoni sikio moja tu, na hivyo hivyo siku nyingine baada ya hiyo. Nilijionea huruma mpaka nikajichukia. Nilikuwa na afya ya kumshinda kijana, na sikuwa na pa kuipeleka.

Ndipo nilipowaona wanakuja. Imamu mbele, mwenye duka nyuma yake, jirani na wanawake wenziwe na vyombo vimefunikwa. Nilisimama, nikaufungua mlango wazi kabla hawajafika.

Walinipita. Walinisalimu vizuri, wakaniuliza hali, nyumbani, kazi, dada na watoto wake, lakini miguu yao ilikuwa imeelekea mbele, kwa bibi mmoja anayekaa ukingoni mwa kijiji, aliyeanguka bafuni akaumia nyonga.

"Twende basi," imamu akaniambia. "Weye si mzima sasa?"

Ndani kulikuwa na kazi ya kupelekwa kabla ya magharibi, kikao kirefu cha watu wanaokohoa, na nilikuwa nimeshaahidi. Nikasema tangulieni, nakuja nyuma yenu. Hapana aliyenishikilia. Kazi ni kazi, wakasema, wakaenda. Nilirudi kitini. Niliandika upesi, nikikosea na kufuta, na masikio yangu yalikuwa nje na nyayo zao mpaka zilipokwisha kusikika. Nilipoituma ile kazi jua lilikuwa limeshuka kabisa upande wa bahari.

Nikatoka hata mlango sikuufunga. Nilikutana nao njiani wanarudi, vyombo vitupu.

"Umechelewa, yakhe," akasema mwenye duka. "Ntu kachoka, mwache alale. Utakuja kesho."

Wakapita. Nilibaki njiani. Nilijua kesho nayo itakuwa na kikao chake, na kesho kutwa, na kwamba mtu anaweza kuwa nyuma ya wenzake kwa muda wa kazi moja tu kila siku, akaishi umri wake wote hivyo bila kuugua hata mafua. Nikaendelea mbele.

Bibi alikuwa amelazwa kwenye mkeka mlangoni pake ili apate upepo. Mwanawe alikuwa uani akiosha vyombo, nilisikia maji. Nilisimama kizingitini, nikapiga hodi kwa sauti ndogo.

"N'nani huyo?" akauliza. Hakuweza kuinua kichwa.

Tulikuwa tumekaa kijiji kimoja wakati wote ule. Nilimtaja marehemu mama, nikasema mimi ni mwanawe.

"Ee. Yule mgonjwa." Akaninyooshea mkono, nikaushika. "Wambiwa umepona. Umepona?"

Jibu nilikuwa nalo, nimelisema maisha yangu yote kama kila mtu wa kwetu. Lakini mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Bado, bibi," nikasema.

Hakushangaa. Akavuta miguu yake kwa taabu, akauma meno kwa maumivu, mpaka pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kwenye mkeka.

"Basi kaa," akasema. "Wazima wote washakwenda zao."

Nikavua viatu, nikakaa.